Saratani ya Tumbo Haitibiwi kwa Makala za Kununua

Saratani ya tumbo mara nyingi huanza na kiungulia tu. Mgonjwa hununua vidonge dukani, hupata nafuu, hurudi kazini. Siku anapopitishwa kamera tumboni, uvimbe umeshakula ukuta wa tumbo na kuhamia kwenye ini. Mwaka 2022 ugonjwa huu uliua watu wapatao 660,000 duniani. Naandika kwa hasira kwa ajili yao.

Huenda njia ya kuugundua mapema imo ndani ya seli zetu wenyewe. Sehemu ya DNA yenye maelekezo ya kutengeneza protini haifiki asilimia 2. Kwa miaka mingi sehemu kubwa iliyobaki iliitwa takataka. Kumbe humo hunakiliwa RNA ndefu, zenye herufi zaidi ya 200, zisizotengeneza protini ila nyingine hutoa amri. Mojawapo ni HOTAIR, iliyotangazwa mwaka 2007 na John Rinn, Howard Chang na wenzao. Hiyo hushikana na protini zinazofunga jeni. Ikizidi, jeni za kuzuia saratani isisambae hunyamazishwa, na uvimbe ukapata njia. Kwenye uvimbe wa tumbo imekutwa imezidi, na nyingine iitwayo H19 vilevile, hivyo huenda kuzipima kukaufichua ugonjwa mapema.

Uwanja wenye matumaini kama huu ndio ambao wezi waliamua kuuvamia. Vipo viwanda vinavyoandika makala za kisayansi na kuwauzia madaktari nafasi ya kutia majina yao. Ukizisoma, simulizi ni ileile: nyama ya uvimbe imelinganishwa na nyama safi ya jirani, RNA fulani imekutwa imezidi, imezimwa, seli zikaacha kuzaana, uvimbe wa panya ukasinyaa. Badilisha jina la RNA, toa tumbo weka ini, umepata makala mpya.

Jennifer Byrne, mtafiti wa saratani wa Sydney, aliamua kusoma herufi moja moja. Anayetaka kuzima RNA sharti atumie kipande chenye herufi zinazooana nayo. Mwaka 2022 yeye na wenzake walitangaza makala 712 zenye vipande visivyolingana na kile kilichoandikwa. Ni kama mtu kuapa kwamba amefungua mlango wako kwa ufunguo wa nyumba ya mtaa wa pili. Wapo waliokosea kwa nia njema, sikatai. Makala 712 zote? Hapana.

Lawama hazimwishii mnunuzi. Nchini China daktari anayeona wagonjwa kutwa nzima, asiye na maabara wala muda, aliambiwa bila makala hapandi cheo. Mwaka 2020 serikali ya huko ilikataza kulipa zawadi ya fedha kwa kila makala, ila ilichelewa mno. Na wachapishaji je? Wao walikuwa wakipokea ada. Mwaka 2023 majarida ya Hindawi, yaliyokuwa chini ya kampuni ya Wiley, yalifuta makala zaidi ya 8,000. Nani alizipitisha zote hizo?

Kamati za kupandisha vyeo, za vyuo vyetu zikiwemo, ziache kuhesabu makala, zizisome. Nawe mwanafunzi wa udaktari unayeandika tasnifu usiku huu, kabla hujanukuu makala yoyote kuhusu RNA hizi, angalia kama imefutwa, kisha kagua herufi za vipande vilivyotumika. Programu za kukagua zipo, nyingine hazilipiwi hata senti.