Nati za Magurudumu ni Dhamana ya Mwenye Mzigo Pia



Mara nyingi ukurasa huu huzungumza habari za mikarafuu, majamvi, mvua na bei. Leo twaomba ruhusa tuzungumze habari ya nati za magurudumu ya trela. Asiseme mtu kwamba jambo hili ni la madereva na mafundi peke yao. Sisi watu wa visiwani twanunua mbao, mchele na vitu vingi vya bara, na vitu hivyo havifiki pwani kwa miguu. Hupandishwa juu ya trela, huvutwa na lori au trekta, ndipo vikatiwa chomboni.

Tuichukue nchi ya Kibiti na Delta ya Rufiji iwe mfano wetu. Tangu zamani boriti za mikoko ya Rufiji zilivuka bahari zikajenga nyumba za visiwani, hata upana wa vyumba vya nyumba za mawe za Unguja ulipimwa kwa urefu wa boriti. Siku hizi barabara ya lami yatoka Dar es Salaam mpaka Kibiti, ikavuka mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Lakini ukiacha barabara kuu kwenda vijijini na bandarini, wakuta mchanga, mashimo na udongo mzito wa bonde la mto, hasa baada ya mafuriko kama yale ya Aprili 2024. Na mbele yako kuna bahari ambayo haimngoji mtu. Maji yakijaa chombo hung'oa nanga, na aliyechelewa atangoja maji mengine.

Basi hapo ndipo hatari ilipo. Mwenye mzigo apiga simu kila saa: "Umefika wapi? Maji yanatoka!" Dereva aliyebadilisha gurudumu asubuhi alijua yampasa asimame njiani akaze nati mara ya pili. Hasimami. Mchana gurudumu lachomoka, na gurudumu la lori pamoja na tairi lake laweza kufika kilo 80 hata 100. Likiwa mbioni halichagui mama mwenye ndoo wala mtoto atokaye shule.

Wako watakaosema kwamba hayo ni majaliwa. Sisi hatukubali. Mwaka 2006 uchunguzi uliofanywa Uingereza, nchi yenye lami njema na karakana nyingi, ulikadiria kwamba magurudumu kati ya 150 na 400 huchomoka katika magari makubwa kila mwaka, na ajali 3 hadi 7 kati ya hizo huua watu. Jimbo la Ontario, huko Kanada, lilitunga sheria mwaka 1997: gurudumu la gari kubwa likichomoka, mwenye gari hutozwa faini ya dola 2,000 hadi 50,000, wala hapokelewi udhuru kwamba alijitahidi. Wenzetu hao waliona kwamba jambo lenye sababu zinazojulikana haliitwi kudra.

Na sababu zake zajulikana. Bolti ikikazwa hunyooka kidogo sana, kama kamba ya uta iliyovutwa, nayo hutaka kurudi. Mvuto huo ndio ubanao gurudumu kwenye habu. Ukipungua, gurudumu huanza kuteleza kidogo kidogo, na mwaka 1969 Mjerumani Gerhard Junker alionyesha kwa mashine aliyoibuni kwamba mtelezo huo wa ubavuni ndio unaofungua nati upesi kuliko mtikiso mwingine. Washa za springi zilizotumainiwa miaka mingi hazikufaa kitu mbele ya mashine hiyo.

Mvuto wapungua kwa nini? Kwanza ni uchafu. Mchanga, kutu au rangi nene kati ya gurudumu na habu husagika njiani, pakabaki nafasi. Ndiyo maana yapasa kusugua kwa brashi ya waya kabla ya kufunga, na ndiyo maana kukaza tena baada ya kilometa 80 hadi 160 si woga bali ni kanuni. Pili ni mzigo uliozidi. Gogo bichi la mkoko ni zito hata huzama majini, lakini mpakiaji hulipima kwa macho kana kwamba ni msufi. Tatu ni mkono wa fundi. Nati zikazwe kwa kuvukana, hii kisha ile iliyoielekea, kwa awamu mbili au tatu, wala si kuzunguka moja baada ya moja.

Juu ya nguvu ya kukazia twataka kusema zaidi, kwa kuwa hapa watu hukosea pande zote mbili. Bolti nene za milimita 22 za magari makubwa aghalabu hutaka nguvu ya nyutoni-mita 600 hadi 680. Bolti ndogo za trela za trekta hutaka pungufu sana, na kitabu cha mtengenezaji ndicho kisemacho. Mtu wa kilo 70 akiweka uzito wake wote kwenye ncha ya bomba la mita moja lililolala sawa, hutoa kama 690. Akitumia spana ya nusu mita hutoa nusu yake tu. Na utingo arukaye juu ya bomba hajui atoacho. Huivuta bolti hata isirudi tena, ikawa imekufa ingali mpya. Tena katika malori mengi ya zamani nati za upande wa kushoto hufungwa kinyume. Kijana asiyejua hudhani afungua, kumbe akaza mpaka ikatike.

Nati ikionekana imelegea, isikazwe tu safari ikaendelea. Gurudumu livuliwe, matundu yatazamwe kama yametanuka. Bolti moja ikikatika, ibadilishwe pamoja na jirani zake wawili; zikikatika mbili au zaidi, zote zibadilishwe. Viko pia vishale vya plastiki vya rangi ya njano vinavyovikwa juu ya nati; kikigeuka, nati imezunguka. Hata mstari wa rangi wafaa. Lakini alama hutoa habari tu, haikazi.

Kwa hiyo twaonelea Chama chetu kifanye mambo matatu. Kinunue spana za kipimo, moja ikae upande wa bara pale mizigo ya wanachama inapopakiwa. Kila mapatano ya kukodi trela yaandikwe kwamba gurudumu lililofungwa Dar es Salaam litakaguliwa Kibiti, mwendo wa kilometa 130 hivi, kabla ya kuacha lami, na muda huo dereva alipwe. Na mwanachama atakayemshurutisha dereva apite bila kukagua, au apakie kupita kiasi, asipewe nafasi katika safari za Chama.

Wengine watalalamika kwamba muda utapotea. Trela la magurudumu manne yenye nati kumi kila moja lina nati 40. Kuzikagua hakuzidi nusu saa. Chombo kikituacha, kiko kingine maji yakijaa tena. Lakini kwa yule aliyekuwa akitembea kando ya njia, hakuna maji yatakayojaa yakamrudisha.

Twaomba jambo hili liwekwe katika shughuli za mkutano ujao, na kila mwanachama aje na rai yake.