Pikapu hukwepa mizani, lakini nati zake haziwezi

MKULIMA wa nyanya wa Ilula, mkoani Iringa, huhesabu gharama nyingi kabla ya kupeleka mzigo sokoni. Huhesabu mbegu, mbolea, dawa, vibarua wa kuchuma, matenga, nauli ya gari na fedha ya dalali. Gharama moja haimo katika hesabu hiyo, nayo ni nati zinazoshika magurudumu ya pikapu iliyobeba jasho lake la miezi mitatu.

Gharama hiyo huonekana siku gurudumu linapochomoka. Pikapu hulala upande, matenga humwagika, na nyanya ambayo jioni ingekuwa njiani kwenda Dar es Salaam hubaki kando ya barabara ikigeuka uji. Hapo ndipo lawama huanza. Mwenye mzigo humlaumu dereva, dereva humlaumu mwenye gari, mwenye gari humlaumu kijana wa pancha, na wote kwa pamoja huilaumu barabara.

Tatizo hilo si la Ilula peke yake. Viazi mviringo vya Njombe, kabichi za Lushoto, vitunguu vya Mang'ola na viazi vya Nyandarua nchini Kenya vyote huanza safari kwa gari dogo. Lori kubwa haliingii shambani, hasa wakati wa mvua. Pikapu ndiyo inayotoa zao bondeni na kulifikisha kwenye lami, na mara nyingine huenda nalo hadi sokoni.

Kwa sababu hiyo, ubovu wa nati si jambo la gereji tu. Ni sehemu ya bei ya mazao, na inafaa kuangaliwa kwa jicho la kiuchumi: nani anaamua nati zikazwe vipi, na nani analipa zisipokazwa?

Sheria mbili, matokeo moja

Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019, inayataka magari yenye uzito wa jumla wa tani 3.5 na kuendelea kupimwa kwenye mizani. Lengo lake ni kulinda barabara, na kwa malori sheria hiyo ina meno.

Pikapu ya kawaida haimo humo. Gari la aina hiyo likiwa tupu lina uzito wa tani 1.7 hivi, na limetengenezwa kubeba tani 1. Hata likipakiwa tani 1.6, jumla yake ni tani 3.3. Limezidishiwa zaidi ya nusu ya uwezo wake, lakini bado haligusi kiwango cha mizani.

Jambo la pili ni ushuru. Bajeti ya Serikali ya mwaka 2017/18 ilifuta ushuru wa mazao kwa mzigo usiozidi tani 1 unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Hatua hiyo ilimlenga mkulima mdogo, na ilikuwa ya haki. Hata hivyo, iliongeza sababu ya kupenda gari dogo, na sababu ya mpakiaji kusema mzigo ni tani moja wakati macho yanaona vingine.

Matokeo yake ni kwamba mzigo unaozuiwa kwenye lori huhamia kwenye pikapu. Utamaduni wa lumbesa, unaomnyonya mkulima kwenye gunia, unaendelea kwenye bodi la gari. Tenga moja likiwa na kilo 40, matenga 40 ni kilo 1,600. Kilo 600 za ziada hazigawanyiki sawa kwa magurudumu yote manne, kwa kuwa bodi limekaa juu ya ekseli ya nyuma. Kwenye pikapu nyingi kila gurudumu lina nati sita, kwa hiyo sehemu kubwa ya mzigo huo inategemea nati 12 za nyuma.

Nati inafanya kazi gani?

Wengi hudhani nati na stadi zake ndizo zinazobeba uzito wa gari, kama misumari inavyobeba koti ukutani. Sivyo. Nati ikikazwa sawasawa huivuta stadi kidogo, na mvuto huo huibana rimu kwenye habu kwa nguvu kubwa. Ni msuguano wa kubanwa huko unaozuia gurudumu kucheza.

Nati ikilegea, mbano hupungua na rimu huanza kucheza. Kila gari linapofunga breki, kuingia shimoni au kukata kona, rimu huzipiga stadi kulia na kushoto. Matundu ya rimu hutanuka, uzi wa stadi huliwa, na stadi huchoka kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa. Ya kwanza ikikatika, tano zilizobaki hubeba kazi ya sita. Ya pili haikawii.

Kulegea kunatokana na mambo manne yanayojulikana. La kwanza ni uchafu. Rimu ikirudishwa ikiwa na tope, kutu au rangi mbichi mahali inapokutana na habu, nati hukaza juu ya uchafu. Gari likitembea, uchafu husagika na nafasi hubaki.

La pili ni nati isiyofanana na rimu. Rimu ya chuma kwa kawaida hutaka nati yenye mdomo wa mviringo uliochongoka, unaokaa ndani ya tundu. Rimu nyingi za aluminiamu za Toyota hutumia nati yenye shingo na washa bapa. Mwenye gari akinunua rimu za kupendeza na kubaki na nati za zamani, nati hushika sehemu ndogo tu ya chuma.

La tatu ni kukaza kupita kiasi. Vijana wengi huchomeka bomba refu kwenye wilispana na kulirukia kwa miguu, wakiamini kwamba kukaza sana ndiyo usalama. Stadi iliyovutwa kupita uwezo wake hairudi tena. Hubaki imerefuka na haina mbano, ingawa kwa mkono nati huonekana ngumu. Kupaka oili au grisi kwenye uzi huongeza hatari hiyo, kwa sababu nguvu ileile ya mkono huivuta stadi zaidi.

La nne, na huenda ndilo linaloleta madhara mengi, ni kutorudia. Gurudumu lililotolewa na kurudishwa hujikalisha upya gari linapotembea, na nati zinatakiwa kukaguliwa na kukazwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kwa gari linalotoka Ilula kwenda Dar es Salaam, kilomita hizo huangukia kwenye mlima Kitonga au baada yake kidogo. Ni dereva gani mwenye nyanya mbivu nyuma husimama hapo kutoa spana?

Somo kutoka Japani

Japani, zinakotoka pikapu na Canter nyingi za mitumba zinazobeba mazao Afrika Mashariki, ina historia chungu ya suala hili. Januari mwaka 2002, gurudumu la gari kubwa la Mitsubishi lilichomoka mjini Yokohama na kumuua mama aliyekuwa akitembea na watoto wake wawili. Kampuni ilidai kwamba wamiliki hawakutunza magari. Machi mwaka 2004 ikakiri kwamba habu zilikuwa na kasoro, na magari zaidi ya 100,000 yakaitwa kurekebishwa.

Tukio hilo linafundisha kwamba si kila gurudumu linalochomoka ni uzembe wa dereva. Habu na stadi nazo huwa na kasoro au uchovu, na pikapu iliyokwisha pita kwa wamiliki watatu inastahili kukaguliwa vyuma hivyo kabla ya kupewa mzigo.

Lakini Japani inafundisha jambo la pili. Takwimu za wizara ya uchukuzi ya nchi hiyo zinaonyesha kwamba matukio mengi ya malori kupoteza magurudumu hutokea majira ya baridi, muda mfupi baada ya kubadili tairi kwa ajili ya theluji, na hasa gurudumu la nyuma kushoto. Huku hakuna theluji, ila kuna pancha. Kila pancha ni gurudumu lililotolewa na kurudishwa, aghalabu usiku, kwenye tope, kwa haraka.

Wenye Canter za zamani wana tahadhari ya ziada. Baadhi ya magari hayo yana nati za upande wa kushoto zenye uzi wa kinyume, na stadi zake huwa na alama ya herufi L. Fundi asiyejua hudhani anakaza kumbe analegeza.

Nani anaamua, nani analipa?

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Kijana wa pancha hulipwa kwa tairi aliyoziba, si kwa nati iliyobaki imekaza kilomita 80 mbele. Dereva, mara nyingi deiwaka, hulipwa kwa safari, na kila dakika anayosimama ni hasara kwake. Mwenye gari anasubiri hesabu jioni. Anaona fedha ya stadi mpya kuwa matumizi, kwa vile gari linatembea.

Mwenye mzigo ndiye mwenye cha kupoteza zaidi, na ndiye asiye na sauti. Amekodi gari, hajui historia yake, na hana njia ya kujua kama nati zilikazwa asubuhi hiyo.

Bima haimwokoi. Bima ya mtu wa tatu, ambayo ndiyo ya lazima na ndiyo wengi wanayo, hailipi mzigo wala gari lenyewe. Aliyekata bima kubwa kwa matumizi binafsi, kisha akabeba mizigo ya kukodi, anaweza kukataliwa madai yake.

Tuchukue mfano, namba zikiwa za kuonyesha hesabu tu. Tenga likiuzwa Sh30,000, matenga 40 ni Sh1.2 milioni. Nusu ya mzigo ikiharibika, hasara ni Sh600,000. Gari nalo litahitaji kuvutwa, na huenda likahitaji stadi, rimu na hata habu. Tuseme Sh400,000. Jumla ni Sh1 milioni kwa ajali ndogo isiyoua mtu.

Upande wa pili, tuseme nati na stadi za kurekebisha magurudumu ya nyuma zinagharimu Sh60,000 na zinatumika safari 100. Hiyo ni Sh600 kwa safari, sawa na Sh15 kwa kila tenga. Hakuna mkulima ambaye angekataa kuongeza Sh15 kwenye tenga la Sh30,000 ili lifike salama.

Kwa nini basi fedha hiyo hailipwi? Kwa sababu mlipaji haoni anacholipia. Mwenye gari akisema ameweka nati mpya, na jirani yake asiyeweka akasema hivyo hivyo, mkulima atachagua mwenye nauli nafuu. Mwenye gari mwaminifu hupoteza wateja, na soko zima hushuka kufikia kiwango cha mzembe.

Kifanyike nini?

Dawa ni kukifanya kinachofichika kionekane. Njia rahisi ni rangi. Nati ikishakazwa, unachorwa mstari mmoja unaovuka kutoka kwenye nati hadi kwenye rimu. Mstari ukikatika, nati imezunguka, na hata mtoto wa shule ataona. Mstari hauthibitishi kwamba nati ilikazwa vizuri tangu mwanzo, lakini unatoa taarifa kabla ya gurudumu kuchomoka, na kopo moja la rangi hutosha magari mengi.

Vikundi vya wakulima na vyama vya ushirika vina nafasi yao. Kikundi kinachokodi magari msimu mzima kinaweza kununua spana moja yenye kipimo cha nguvu ya kukaza, na kuweka sharti kwamba hakuna gari litakalopakiwa kabla ya nati kupimwa. Kiwango kinachotakiwa hutofautiana kwa aina ya gari na rimu, nacho huandikwa kwenye kitabu cha gari. Nati hukazwa kwa kupishana, kila moja ikifuatiwa na ya upande wa pili, siyo kwa kuzunguka kama saa.

Mkataba wa nauli, hata ukiwa wa mdomo, utaje mambo mawili: idadi ya matenga, na kituo cha kwanza cha kukagua nati. Dereva alipwe kwa kusimama huko. Dakika kumi zinazolipwa ni tofauti na dakika kumi zinazoibwa kwenye riziki yake.

Kabla ya kupakia, mwenye mzigo naye azunguke gari. Michirizi ya kutu inayotoka kwenye nati, chuma kinachong'aa pembeni ya tundu, stadi iliyokosekana, au usukani unaotetemeka na mlio wa kugonga gari likienda polepole, zote ni dalili za gurudumu lililoanza kucheza. Gari lenye dalili hizo lisipewe mzigo, hata kama nauli yake ni nusu.

Kwa upande wa Serikali, msamaha wa ushuru kwa tani 1 ulikuwa msaada kwa mkulima na haufai kuondolewa. Kinachohitajika ni halmashauri kuangalia uwezo wa gari palepale mazao yanapokaguliwa. Tani moja inayoheshimiwa inamlinda mkulima mara mbili, kwenye ushuru na kwenye stadi.

Msimu wa mavuno haumsubiri fundi, na nyanya haisubiri mtu. Ndiyo maana nati hukazwa kabla tenga la kwanza halijapanda.