Mashine ya Presha Iwafuate Vijana Stejini

Mama mjamzito akienda kliniki Ruiru, hapiti kabla ya kufungwa mkono na kupimwa presha. Kijana wa kiume wa miaka 25 hana mlango kama huo. Haumwi, basi haendi hospitali. Na kwa kuwa haendi, hapimwi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa asilimia 56 ya Wakenya wazima hawakuwa wamewahi kupimwa presha hata mara moja, ilhali karibu mmoja kati ya kila wanne alikuwa na presha ya juu. Wengi huijua siku ya kiharusi. Na anayeanguka akiwa na miaka 35 huacha watoto shuleni.

Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa kuwapa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 mikoba ya vifaa, mashine ya presha ikiwemo. Hatua njema. Lakini mhudumu akibisha hodi mchana, kijana wa Makongeni, Thika, yuko kiwandani na wa Kihunguro, Ruiru, yuko stejini na pikipiki yake. Kaunti ya Kiambu ipeleke mashine hizo kwenye steji, na kwenye malango ya viwanda zamu zinapobadilishana. Wenye viwanda nao watoe dakika kumi, haziwafilisi.

Kifaa cha pili ni futi ya fundi wa nguo. Toa pumzi, usivute tumbo ndani, pima kiuno katikati ya mbavu ya mwisho na nyonga. Kisizidi nusu ya urefu wako: mwenye sentimita 170 aanze kujiangalia kikipita 85. Mizani peke yake haitoshi, kwani haitofautishi misuli ya mpakiaji mizigo na mafuta ya tumboni ya anayekaa kutwa nzima, na mafuta hayo ndiyo yanayoandamana na presha.

Upimaji wa presha nao uwe wa haki. Kijana aliyetoka kubeba magunia apumzike dakika tano, aegemee kiti, nyayo chini, mkono usawa wa moyo, asiongee. Mkono mnene ufungwe mkanda mpana. Mkanda mdogo hupandisha namba bure. Mashine ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, arudie siku nyingine kabla hajaitwa mgonjwa. Ikibaki palepale, aandikiwe barua ya kwenda hospitali ya Thika Level 5 au ya Ruiru, na mhudumu aliyempima afuatilie ajue kama alifika.