Mama wa Mtoto Njiti Naye Auguzwe

Mila zetu za visiwani zimempangia mzazi heshima yake. Akijifungua hukaa arobaini, hukandwa kwa maji ya moto, hupikiwa uji wa pilipili manga, na nyumba hujaa jamaa waliokuja kumpa hongera. Lakini mama aliyejifungua kabla ya wiki 37 huzikosa zote hizo. Mwanawe yumo katika mashine ya joto, na yeye yu kando, akikamua maziwa na kuhesabu pumzi za mtoto. Jamaa wanaofika hawajui wampe hongera au wampe pole, na aghalabu hunyamaza. Wengine humwuliza alibeba nini kizito, kana kwamba amefanya kosa.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mama aliyeletwa Unguja kutoka Pemba huwa mbali na mumewe, na mamaye, na watoto aliowaacha. Hali hiyo ikiendelea kwa majuma, si ajabu akakosa usingizi, akakataa chakula, hata akaogopa kumgusa mwanawe. Huo si wendawazimu wala upungufu wa imani. Yaweza kuwa maradhi, nayo hutibika.

Wala jambo hili si la huruma tu. Utafiti uliotangazwa mwaka 2021, uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,200 wenye uzito mdogo, ulionyesha kwamba watoto waliobebwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, mama akikaa nao wodini usiku na mchana, vifo vyao vilipungua kwa robo. Ndiyo kusema kifua cha mama ni dawa. Dawa hiyo itapatikanaje ikiwa mwenye kifua amevunjika moyo? Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani nalo lilihimiza kwamba familia za watoto hao zisaidiwe, pamoja na watoto wenyewe.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa Wizara ya Afya na wakuu wa hospitali zetu. Kwanza, kila wodi ya njiti iwe na kitanda na chakula cha mama. Pili, awepo muuguzi wa kumweleza mzazi kila siku, kwa lugha nyepesi, hali ya mwanawe, na kumwuliza hali yake mwenyewe. Tatu, baba asizuiliwe mlangoni; naye aweza kumbeba mwanawe kifuani. Nne, waajiri wote wa visiwani, wa serikali na wa watu binafsi, wasizihesabu siku za wodini kuwa ndiyo likizo ya uzazi.

Nasi jamaa tuna wajibu wetu. Uji ule ule tuupeleke hospitalini, na tumwambie mama huyo hongera. Amezaa.