Chumba cha Zana Kifunguliwe



Wako wanafunzi wengi wanaodhani kwamba kutengeneza vitu kwa mikono ni mchezo wa watoto wadogo, na kwamba mwanafunzi wa Kidato cha Nne hana kazi nyingine ila kukariri. Mimi siafikiani nao, na sababu zangu nitazieleza kwa habari ya ndege moja ndogo.

Muhula uliopita, mimi na wenzangu wawili tulitengeneza ndege ya kuongozwa kwa redio. Mabawa tuliyachonga kwa lile povu gumu jeupe linalokuja ndani ya katoni za televisheni. Uti wa mgongo ulikuwa mwanzi, na vyuma vya kuvutia mkia vilikuwa spoki za baiskeli. Redio, mota na betri hatukuweza kuvitengeneza. Tulivinunua vilivyokwisha tumika, kwa fedha zetu za matumizi, tukakaa muhula mzima bila chapati. Bawa lilikuwa na urefu wa mita 1 na upana wa sentimita 20. Ndege nzima ilikuwa na uzito wa gramu 600.

Tuliirusha mara ya kwanza asubuhi na mapema, kabla upepo haujaanza, wingu likiwa bado limekaa juu ya Bondwa. Iliinua pua juu mno, ikapoteza mwendo, ikaanguka na kuvunjika bawa. Wenzetu walicheka sana. Mwalimu wa zamu akaichukua, ikafungiwa ofisini wiki mbili. Simlaumu, kwani tulikuwa tumetoroka kipindi cha usafi.

Katika wiki zile nilikumbuka kwamba katika mtihani wa fizikia niliwahi kupata alama zote katika swali la momenti. Lakini sikupata kufikiri hata siku moja kwamba kanuni ile ina kazi nje ya karatasi. Ndege ya namna yetu hutakiwa uzito wake ukae sawa kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Tuliporudishiwa yetu tukaiziba bawa, kisha tukaiinua kwa vidole viwili: ilikaa sawa kwenye sentimita 9. Sisi tulitaka 6. Basi ilitupasa kuusogeza uzito mbele kwa sentimita 3. Gramu 600 mara 3 ni 1,800. Betri ilikuwa na gramu 120. Gawanya 1,800 kwa 120, utapata 15. Tukaisogeza betri mbele sentimita 15, wala hatukuongeza kitu kingine. Jumamosi ile ndege ilizunguka uwanja wa mpira mara mbili, ikatua majanini nzima.

Najua wako watakaosema kwamba mtihani wa Taifa hauulizi habari za ndege. Ni kweli. Wala mimi sidharau kitabu, kwani bila somo la darasani tungaliongeza mawe puani kwa kubahatisha mpaka isiruke kabisa. Lakini hesabu ile sitaisahau, hali mambo mengi niliyokariri Kidato cha Tatu yamekwisha nitoka.

Tena, tusidhani kwamba ndege ni kazi ya watu wa mbali. Ndugu Wright, walioruka mwaka 1903, walikuwa mafundi wa baiskeli. Na hapa hapa Morogoro kampuni ya Airplanes Africa Limited imeunda ndege ndogo za watu wawili, aina ya Skyleader, ambazo asili yake ni Ucheki. Je, mafundi wa kazi kama hiyo watatoka wapi, ikiwa sisi tunaoishi chini ya Uluguru hatujapata kushika msasa?

Liko jambo moja la kuungama. Vyombo vinavyorushwa bila rubani vina kanuni zake chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, nasi tulirusha chetu bila kumwuliza mtu yeyote. Hatukujua. Hiyo ndiyo hasara ya kujifunza kwa kujificha: hakuna mkubwa wa kukuonya. Tangu tulipojua, ndege yetu imekaa chini ya kitanda.

Kwa hiyo naomba chumba cha zana kifunguliwe kila Jumamosi alasiri, akiwapo mwalimu mmoja wa kutusimamia na kutuulizia ruhusa zinazohitajika. Wazazi nao wasikasirike wakisikia kwamba mtoto ametumia fedha za chapati kununua mota. Nasi wanafunzi tuache kumcheka mwenzetu ambaye kitu chake kimeanguka. Wazee walisema kwamba kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele.