Marikiti Si Jalala la Viumbe Tuliowachoka

Kuna ushauri unaotolewa bure katika mji huu, na kila anayeutoa hujiona ana huruma. Paka amezaa wengi? Wapeleke Marikiti. Sungura ananuka? Marikiti. Na sasa, kwa simbilisi wa nyumbani kwetu ambaye macho yanamtoka: "Mwacheni tu pale Marikiti. Mboga zimejaa chini, atajipa."

Atajipa. Neno hili nimelisikia kwa jirani, kwa binamu yangu, kwa muuza viungo wa Digo Road, na kwa jamaa mmoja wa maskani ambaye mnyama mwenyewe hajamwona hata siku moja. Wote walilisema kwa sauti ya mtu anayetoa sadaka. Mimi nasema hiyo si huruma. Ni kuua kwa mkono wa mwingine, halafu ukaenda zako kulala.

Tuanze na mwenyewe anayezungumziwa. Simbilisi ni yule mnyama mnene, mfupi, asiye na mkia, ambaye mtaani wengine humwita panya na wengine sungura mdogo. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini, ambako watu wamemfuga kwa maelfu ya miaka. Hapandi ukuta, hajui kupigana. Kinga yake ni kukimbia na kujificha. Sasa mchukue huyo, tena asiyeona, umweke chini pale Marikiti asubuhi: mikokoteni inapita, hamali wanapiga kelele wapewe njia, paka wa sokoni wamekaa kila kona. Na juu kuna kunguru. Wana Mombasa mnawajua kunguru wetu, wanamnyakua kifaranga mamake akiwa papo hapo. Mnyama huyu atawasikia wakija, na hatajua akimbilie wapi. Haya, niambieni, hapo atajipa nini?

Wenye hoja zaidi hunijibu kwa dini. Wanasema tumesoma sote madrasa habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha wala hakumwachilia ajitafutie. "Basi sisi tunamwachilia!" Ujanja mzuri. Lakini paka akiachwa anawinda, ndiyo maana kumwachilia kulikuwa na maana. Simbilisi kipofu hana anachoweza kujitafutia katikati ya Digo Road. Kumfungulia mlango kiumbe asiyeweza kwenda popote si kumwacha huru. Umemfungia nje badala ya ndani, basi.

Hoja ya pili: "Si ashakwisha, haoni." Hapa ndipo ujinga wetu unapojianika. Tunamtazama mnyama kwa macho yetu sisi, tunadhani akikosa macho amekosa kila kitu. Simbilisi hata akiwa mzima haishi kwa macho hivyo. Anaona pana, mbele na pembeni, lakini vitu vidogo havioni vizuri. Dunia yake ni pua, masikio na zile sharubu. Wa kwetu, jicho la kwanza liliingia ukungu mweupe, miezi kadhaa baadaye likafuata la pili. Na bado gazeti lililofungiwa mboga likichakarika jikoni, anapiga kelele nyumba nzima isikie. Anamjua mdogo wangu kwa mwendo wake sebuleni. Chakula anakijua kilipo, madamu hakuna aliyekihamisha.

Na hiyo ndiyo kazi yenyewe, wala si kubwa. Usihamishe vitu. Bakuli likae palepale, chupa ya maji palepale, kibanda cha kujifichia palepale. Zungumza kwanza kabla ya kumgusa, maana mkono unaotoka juu bila sauti, kwake ni kunguru. Usimweke kwenye meza wala kitanda, haoni ukingo. Usimtenge na mwenzake akiwa naye. Uswisi tangu mwaka 2008 sheria inakataza simbilisi kufugwa peke yake, kwa vile ni mnyama wa kundi. Na huyu asiyeona humfuata mwenzake kama sisi tunavyofuata tochi. Na kwa joto letu hili la pwani, aliye ndani ya chumba cha mabati atakufa kwa jua mapema kuliko kwa upofu. Mweke penye kivuli na upepo.

Kula je? Simbilisi, kama binadamu, mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C. Asipoipata kwa chakula anaugua kiseyeye: viungo vinauma, fizi zinatoka damu. Kwa hiyo anahitaji kitu kibichi kila siku: kipande cha hoho, sukuma wiki, pera dogo mara mojamoja, na majani makavu muda wote kwa ajili ya meno yake yasiyoacha kukua. Akikaa siku nzima hajala, usingoje kesho. Na majani yale yaliyokanyagwa chini sokoni, yamelowa maji ya mtaro, si chakula hicho.

Jambo moja ni la kuangalia kwa makini. Jicho linaloingia ukungu polepole, kavu, bila kuuma, mara nyingi ni mtoto wa jicho, la uzee au la kisukari, na mnyama anaweza kuishi nalo. Lakini jicho lililofumba ghafla, jekundu, linalotiririka, hilo linauma. Huenda jani kavu limelichoma. Hilo ni la daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Usichukue dawa ya macho ya nyanya ukamtilia. Nyingine zina steroidi, na steroidi kwenye jicho lenye kidonda huliharibu kabisa.

Hoja ya tatu ndiyo inayopigiwa makofi: "Watu wenyewe hawana chakula, nyinyi mwalisha panya." Sawa. Tupige hesabu. Mboga yake ya siku ni majani ambayo mama mboga angeyatupa, tunamwomba kabla hajayatupa, pamoja na hoho moja inayokatwa vipande vya siku kadhaa. Nani katika mji huu amelala njaa kwa sababu ya hoho ile? Na nimegundua kitu: wanaosema "watu wana shida" ukiwaomba kitu cha kuwapa hao watu, shida zao wenyewe zinaanza hapo hapo.

Tena umaskini msiusingizie. Mashariki ya Kongo, huko Kivu, familia nyingi zisizo na ng'ombe wala mbuzi hufuga simbilisi. Wanawafuga kwa nyama na mbolea, na kwa sababu ni mfugo mdogo unaofichika wenye bunduki wanapokuja kupora. Watoto wanawakatia majani. Hao wana shida kutushinda sisi, na mwisho wake wanamla. Siwalaumu. Anayemfuga amle anamlisha mpaka siku yake, kisha anamchinja haraka yakaisha. Sisi tusiomla, tunaojidai tunampenda, ndio tunataka kumwacha akiwa hai chini ya magurudumu. Nani mkatili hapo?

Ukweli ni kwamba hapa hatubishani juu ya macho. Tunabishana juu ya faida. Mnyama alipokuwa anaona, anakimbiakimbia, wageni wakipiga naye picha, hakuna aliyezungumzia gharama. Hesabu ilianza siku alipoacha kufurahisha. Na hesabu hiyo haiishii kwa simbilisi. Pita Mji wa Kale jioni, utamwona mzee mwenye mtoto wa jicho amekaa barazani tangu asubuhi. Ugonjwa unaotibika kwa upasuaji mfupi, na hospitali za macho zipo hapahapa mjini, lakini kila mtu nyumbani ana shughuli, na mzee "ameshazoea". Ameshazoea na atajipa ni mtu na nduguye.

Mimi nilipoacha chuo kwa kukosa karo, nililisikia neno hilohilo likisemwa juu yangu. Ni mwanaume, atajipa. Wallahi sikujipa. Nilipewa. Mamangu alinipa chumba na sahani, rafiki akanipa laptopu yake usiku ili niandike, na jirani mmoja akaniacha nitumie waifai yake bila kuniuliza nitalipa lini. Hakuna anayejipa. Kila aliye na miguu leo, kuna aliyemshika jana, na wanaosema atajipa wanajua hivyo vizuri, kwani na wao walipewa.

Kwa hiyo nawaambia nyinyi mnaonunulia watoto wanyama sikukuu: simbilisi huishi miaka mitano, pengine minane. Mtoto wako atamaliza shule ya msingi mnyama yupo, na mwisho mwisho atakuwa mzee, pengine haoni. Ukinunua, umenunua na miaka hiyo. Kama huiwezi, mnunulie mpira.

Na kama unaye tayari na umeshindwa kweli, kushindwa si dhambi. Tafuta mtu wa kumchukua, umwambie ukweli kuhusu macho yake. Ukikosa, na mnyama anateseka, mpeleke kwa daktari ammalize bila maumivu, nawe uwepo pale umshike. Itakuuma, na iko sawa ikuume.

Lakini Marikiti usimpeleke. Pale watu wanakwenda kununua vitunguu.