Wanakijiji wa Upemba wanajua hesabu

Tumesoma hoja ya mwandishi mmoja kwamba ruzuku za kulinda wanyama wa Katanga zipewe wataalamu na walinzi wenye bunduki peke yao, kwani wanakijiji hawajui hesabu na wataikata miombo yote.

Hawajui hesabu! Mama wa Mitwaba anayetunza likelemba, akiba ya zamu ya wenzake, kila faranga na zamu yake kichwani, hajui hesabu? Mwenye hoja aketi naye saa moja tu. Ofisi ngapi za mjini zingestahimili ukaguzi wa mama huyo? Serikali yenyewe, kwa amri 14/018 ya Agosti 2014, inaruhusu jamii kupewa msitu wa kusimamia hadi hektari 50,000. Huwezi kumpa mtu msitu ukamnyima pesa ya kuulinda.

Bunduki? Mbuga ya Upemba ina walinzi wake tangu enzi za Wabelgiji, ilipoanzishwa mwaka 1939. Hata hivyo, leo punda milia wa porini waliosalia Kongo nzima ni wale wachache wa huko.

Miombo inakatwa, kweli. Makala yake, yaani mkaa, hupika bukari ya Lubumbashi, pamoja na ya mwandishi huyo.

Ruzuku ilipe walinzi waliochaguliwa na kijiji, na matumizi yasomwe hadharani mbele ya chefu, kwa Kiswahili.